Labda ya Waziri

Kipindi cha maswali kilianza saa tatu kamili asubuhi, kama kawaida. Mwandishi wa taarifa rasmi alikuwa ameketi kwenye meza yake ndogo chini ya kiti cha Spika, penseli mbili mbele yake na ya tatu nyuma ya sikio. Vinasa sauti vilikuwapo, lakini mama huyu alikuwa ameitumikia kazi hiyo miaka kumi na minane, na aliviona kama wageni wanaoweza kuondoka bila kuaga.

Swali la kwanza lilikuwa la mbunge wa bondeni, mwalimu mstaafu aliyezoea kuzungumza na ukumbi mzima kana kwamba umechelewa kuleta madaftari. Alitaka kujua mambo mawili: daraja la mto wa bondeni litajengwa lini, na fedha ambazo Bunge lilizipitisha kwa ajili ya daraja hilo zimefanya kazi gani.

Waziri wa Ujenzi alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa Spika, fedha hizo zimewezesha upembuzi yakinifu. Na upembuzi huo unaendelea vizuri."

Alipolitamka neno hilo mara ya pili, pumba zilianza kuanguka kutoka darini. Zilianguka taratibu, nyepesi, za rangi ya dhahabu iliyofifia, zikielea katika mwanga wa madirisha marefu kama zisizo na haraka ya kufika popote. Zilitua mabegani mwa waheshimiwa, katika bilauri za maji, na juu ya siwa. Hakuna aliyetazama juu. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu. Mafundi walikwisha kupanda darini wakakuta nyaya na popo mmoja, na Spika alikwisha kutoa mwongozo kwamba kofia zinaruhusiwa, ila miavuli hairuhusiwi, kwa sababu inamzuia kumwona aliyenyoosha mkono.

"Mheshimiwa, leo umeota mvi," mbunge mmoja alimnong'oneza jirani yake.

"Afadhali mimi zimeniangukia juu. Wewe unazo ndani tangu kuzaliwa."

Mbunge wa bondeni alipangusa miwani yake, akasimama tena. "Mheshimiwa Spika, swali la nyongeza. Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akipepeta kila jioni. Anayepembua hupata vitu viwili. Pumba tunaziona. Nafaka iko wapi?"

Wabunge wakapiga meza, na kila pigo likazirusha pumba upya hewani.

"Mheshimiwa Spika," alisema Waziri, "kuhusu nafaka, jibu litaletwa kwa maandishi."

Mwandishi aliandika yote hayo isipokuwa pumba, kwa kuwa pumba hazikusemwa kwenye maikrofoni. Aliandika kwa mkono uliotulia, lakini jibu lile lilikuwa limemkata maini.

Mdogo wake alikuwa mkunga katika zahanati ya bondeni, upande huu wa mto. Binti wa mkunga huyo alikuwa ameolewa ng'ambo ya pili, na sasa mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimiza miezi minane na siku kadhaa. Mama yake alimtaka avuke mapema, maji yangali magotini, akae naye mpaka ajifungue. Baba mkwe, mzee wa mizinga ya nyuki, alikataa. Hakukataa kwa ukorofi. Alikuwa na karatasi. Ulikuwa ukurasa wa taarifa rasmi ya kikao kilichopita, ameubandika ukutani kwa gundi ya unga, nao ulisema hivi: *Daraja litakamilika kabla ya mvua kubwa.*

"Serikali imekwisha kuandika," mzee alisema. "Mkwe wangu atavuka kwa viatu."

Ukurasa huo ulikuwa umechapwa na Mwandishi mwenyewe. Kwa hiyo kila jioni mdogo wake alimpigia simu, na kila jioni aliuliza jambo lile lile: "Dada, wamesemaje?"

Kikao kilipokwisha, Mwandishi alishuka katika ofisi ya taarifa, chumba kirefu chenye makabati ya chuma na harufu ya wino. Huko ndiko maneno ya wabunge yalikosafishwa kabla ya kuchapwa. Mtu anaposema hujikwaa, hurudia, hukohoa, hutia *yaani* mahali pasipo na haja. Taarifa rasmi haina budi kusomeka. Waandishi waliiita kazi hiyo kupepeta, na Mwandishi alisifiwa kwa kuwa na ungo mwepesi kuliko wote.

Alikuwa akikung'uta kola yake juu ya kapu la taka pale kapi moja lilipomwingia sikioni. Lilisema, "Yaani." Alilitoa, akaokota jingine kutoka katika mkunjo wa mkono wa blauzi, akalitega sikioni. Hilo lilisema, "Tuseme." La tatu lilisema, "Kimsingi." Yalikuwa maneno yaliyoondolewa katika ofisi hiyo mwaka hadi mwaka, kila moja kwa sauti ya mwenyewe, na Mwandishi aliyatambua mengi kama mtu anavyoyatambua mavazi yake ya zamani yakiwa yamevaliwa na wengine.

La saba lilikuwa dogo, na lilisema kwa sauti ya Waziri wa Ujenzi, "Labda."

Akakaa kitini. Kisha akatafuta sauti iliyonaswa katika kikao kilichopita, akasikiliza. Waziri alikuwa amesema: *Labda, tukijaliwa, daraja litakamilika kabla ya mvua kubwa.*

Mkuu wa kitengo, mzee mwembamba aliyevaa tai hata siku za joto, alikuja kusimama nyuma yake.

"Uliiondoa labda?"

"Alikuwa ameisema mara tisa kabla ya hapo, mzee. Nilikuwa nimekwisha kuizoea. Niliiona kama kikohozi."

"Na tukijaliwa?"

"Hiyo huondolewa siku zote."

"Kweli," alisema mkuu wa kitengo. "Hiyo huondolewa." Alitafakari kidogo. "Unajua kanuni. Taarifa iliyokwisha kuthibitishwa hairekebishwi na sisi. Huombewa marekebisho na aliyesema."

Mwandishi alilitia kapi lile katika bahasha, akaandika juu yake tarehe na namba ya ukurasa, akaenda wizarani kwa miguu. Alisubiri saa mbili katika chumba chenye viti vya ngozi na ramani ya nchi nzima, ambamo madaraja yaliyojengwa yalichorwa kwa wino mweusi na yale yaliyoahidiwa kwa wino mwekundu. Wekundu ulikuwa mwingi, na kwa mbali ramani ilionekana kama mtu mwenye surua.

Waziri alimpokea kwa adabu, akamkaribisha kiti. Alilitega kapi sikioni, akafumba macho, akalisikiliza mara mbili.

"Ni mimi," alisema. "Siku ile nilikuwa na mafua."

"Ndiyo, mheshimiwa. Naomba utie sahihi irudishwe mahali pake. Kuna watu huko bondeni wameutegemea ukurasa ule. Kuna mjamzito."

"Mama, wewe ulifanya kazi nzuri. Sentensi ilikuwa inachechemea, ukainyoosha. Sasa unataka niivunje mguu tena?"

"Ilikuwa inachechemea kwa haki yake, mheshimiwa."

Waziri alicheka, na hakukuwa na ubaya katika kicheko chake. "Mama yangu, nikianza kudai kila labda niliyoisema, Serikali itabaki na nini?" Akalirudisha kapi katika bahasha, akailamba bahasha na kuifunga vizuri, kisha akamkabidhi kwa mikono miwili.

Jioni hiyo Mwandishi hakungoja kupigiwa simu. "Mvusheni mtoto leo," alisema. "Daraja halipo na halitakuwapo. Ukurasa ule una kosa, na kosa ni langu."

Upande wa pili wa simu kulisikika mngurumo mzito.

"Unausikia huo?" mdogo wake aliuliza. "Mvua imenyesha milimani tangu juzi. Mto umejaa, dada. Hata mbuzi havuki."

"Nisamehe."

"Nitakusamehe baadaye. Sasa niache nifikiri."

Uchungu ulimshika binti siku ya tatu, kulipopambazuka. Wakwe zake walimbeba kwa kitanda mpaka ukingoni mwa ng'ambo, kwa kuwa hapakuwa na mkunga mwingine upande wao. Mama yake akasimama ukingo wa huku, amevaa aproni na amenawa mikono mpaka viwikoni, ingawa mikono hiyo haikuwa na mahali pa kufika. Baina yao maji ya rangi ya chai yalipita na miti mizima. Akaanza kumzalisha kwa sauti.

Maneno yake yaliteremka ukingoni yakakanyaga maji. Watu waliyaona majani ya ng'ambo yakiinama kila neno lilipotua. Yalifika yameloa, na mama mkwe aliyakamua moja moja kabla ya kuyatumia. *Pumua* lilifika zima. *Sukuma* lilichukuliwa na mkondo hatua ishirini chini, mzee wa mizinga akalikimbilia. Kulikuwa na *subiri kwanza* lililochelewa mno, likafika kichwa cha mtoto kikiwa kimekwisha kutoka, wakaliweka kando. Kitovu kilikatwa kwa maelekezo yaliyonuka tope. Jua lilipokuwa utosini waliinua juu kitu chekundu, kidogo kama kidole gumba kwa umbali ule, na mkunga akajua kwamba amepata mjukuu wa kike. Binti yake alikuwa amepoteza damu nyingi. Alilala wiki mbili bila kunyanyuka, kisha akanyanyuka.

Habari hiyo ilifika Bungeni. Mbunge wa bondeni alisimama na kuuliza, kwa ufupi kuliko kawaida yake, kama Waziri sasa ameona haja ya daraja.

Waziri alifunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Spika, kwanza natoa pongezi za dhati kwa mkunga yule. Ametuonyesha njia. Huduma ya uzazi bondeni sasa inavuka mto bila daraja. Serikali itawapatia wakunga wote wa kingoni vipaza sauti vya mkononi, na mradi wa daraja tunaufunga, kwa kuwa lengo lake limetimia."

Siku hiyo hakutaja upembuzi, na darini hapakuanguka kitu. Upande wa Serikali walipiga meza kwa muda mrefu. Mbunge wa bondeni alibaki amesimama mpaka Spika alipomwomba aketi, naye akaketi.

Mwandishi aliteremka ofisini na jibu hilo, akaliweka mbele yake, akatafuta la kupepeta. Hakukuwa na *yaani*, wala *tuseme*, wala *labda*. Sentensi zote zilikuwa zimesimama wima. Aliipeleka taarifa kuchapwa bila kuigusa, na mkuu wa kitengo akamwambia kwamba hajawahi kuona jibu safi kama lile.

Mdogo wake alipiga simu mwisho wa mwezi.

"Kipaza sauti kimefika, dada. Kina mkanda wa kuvaa begani."

"Kinafaa?"

"Kina nguvu. Jumanne walimleta ukingoni mke wa mwashi, mtoto amekaa vibaya. Nilisema tangu saa nne mpaka jua likaanza kushuka. Maneno ya koo langu mwenyewe yalikuwa mepesi, yalitembea. Haya ya kipaza sauti yanatoka mazito. Niliyaona yakizama, moja moja, karibu na miguu yangu."

"Ukakitupa?" aliuliza Mwandishi.

"Nilikivua, nikapiga kelele kwa koo langu. Lakini koo lilikuwa limekauka." Mkunga alivuta pumzi. "Wamewazika pamoja, huko huko ng'ambo. Kaburi mwashi amelijenga mwenyewe."

Mngurumo wa mto ulisikika baina yao, mkubwa, usio na haraka.

"Nataka swali la daraja liulizwe tena," alisema mkunga. "Bunge linakaa lini?"

Mwandishi aliitazama ratiba iliyobandikwa ukutani, ingawa aliijua kwa moyo.

"Baada ya mvua," alisema.