Shati la Kwenda Kortini

Asubuhi ya kesi, Mama Pasi alinyoosha shati la mshtakiwa. Mshtakiwa ni mwanawe wa pekee, na aliyemshtaki ni huyo huyo mama. Kijana alikuja mapema na shati limekunjamana kama limetafunwa na mbuzi. Mama, aliyemlea kwa kufua na kupiga pasi nguo za watu, hakuweza kuvumilia asimame vile mbele ya hakimu. Alianza na kola, akamaliza na mikono, kisha akampa na chai.

Wakili wa Mama Pasi, binti mdogo aliyemsaidia bure, aliliona shati kwenye korido akajua limepita mikononi mwa nani. Akamvuta kando. Akamkumbusha kwamba wanaomba baba huyu aondolewe haki zote za mzazi, na kwamba wakishindwa, anaweza kuja siku yoyote kuwabeba wajukuu wawili anaowalea bibi, kama alivyofanya mara mbili tangu mama yao afariki. Leo bibi aweke huruma pembeni. Mama Pasi akaitikia, akaapa moyoni kusema yote.

Hakimu alipomuuliza Mama Pasi mwanawe ni mtu wa namna gani, ulimi ukagoma kumsema vibaya. Akasema ana moyo mzuri. Hajawahi kumpiga mtoto, tena anaimba, wajukuu wanalala kwa nyimbo zake. Kuhusu siku ile kijana alipowaacha watoto sokoni, akasema ilikuwa kidogo tu. Wakili akainamia faili lake.

"Bibi," hakimu akauliza, "umekuja kumshtaki au kumtafutia mchumba?"

Watu wakacheka. Mama Pasi naye akacheka, halafu machozi yakamtoka, maana aliona kesi inamponyoka na wajukuu wanakwenda nayo.

Mwanawe akasimama bila kuruhusiwa.

"Mheshimiwa, mama ananisitiri. Haikuwa kidogo. Niliwaacha tangu asubuhi mpaka maduka yanafungwa, mimi nakunywa. Mdogo alikutwa amelala chini ya meza ya muuza vitunguu. Nikiwachukua tena nitarudia, najijua. Waacheni kwa mama."

Hakimu alimuuliza mara tatu kama anaelewa kwamba uamuzi ukishaandikwa hatakuwa na kauli tena juu ya watoto hao. Mara zote akasema anaelewa, ila ya tatu sauti ilitoka nusu. Hakimu akaandika, muhuri ukagongwa.

Nje, kijana hakuthubutu kumsogelea mama yake. Alisimama kwenye ngazi kama mgeni asiyekaribishwa, akauliza taratibu, sasa yeye ni nani kwake.

"Hakimu amekuondolea watoto," Mama Pasi alisema. "Mimi sikumsikia akisema nikuache. Jumapili njoo ule, uwaimbie. Lakini ukija umelewa, baba, mlango sifungui, na mwanangu utabaki wewe vilevile."

Akamshika mkono washuke ngazi. Walishuka polepole.