Ameenda Mutitu

Mama mkwe alikuwa amefunga begi tangu asubuhi. Musimbi aliliona, akalipita, akaenda zake kufundisha chuoni Chepkoilel. Mumewe, Kinyanjui, aliangukiwa na mti akiwa kazini kukata mbao. Tangu wamzike, Musimbi hajatoa hata chozi. Si kwamba hakumpenda, jamani! Alimpenda mno. Moyo ulikuwa umeingia ganzi, basi.

Siku hiyo somo lilikuwa asili ya maneno. Akaandika ubaoni: msitu.

"Kwa lugha zenu mnauitaje?"

"Kwetu ni mutitu, Madam," akajibu Janice, mwanafunzi wa mbele.

Chaki ikasimama. Kinyanjui hakuwahi kusema anaenda kazini. Alisema, "Naenda mutitu," na Musimbi, na shahada zake zote, humrudi: "Msitu, bwana! Utaniaibisha." Kinyanjui hucheka, na kesho yake hulirudia makusudi. Mama yake naye, akiamka akamkosa, huuliza, "Kinyanjui ameenda wapi?" ili tu alisikie neno hilo kinywani mwa Musimbi.

Musimbi akaendelea kufundisha. Akaeleza kwamba maneno yale mawili ni ndugu wa tumbo moja. Mababu wa Wabantu walikuwa na neno moja la mahali palipofungamana miti, Waswahili wakaligeuza kidogo, Wakikuyu wakabaki karibu na lile la kale. Wanafunzi waliandika. Yeye mwenyewe hakuhisi kitu.

Jioni alimkuta mama mkwe sebuleni, leso kichwani, begi miguuni.

"Naenda kwetu, Musimbi. Siwezi kaa na mtu hajalilia mtoto yangu. Na hamkupata mtoto, ati niseme nabaki na mjukuu."

"Sawa, Mama."

Akalibeba begi amsindikize hadi steji ya matatu. Walipofika mlangoni, Musimbi akasimama.

"Mama, usiende."

"Nibakie nini?"

"Nilikuwa namkataza kusema mutitu." Alisema hivyo macho makavu, sauti kavu. "Ukienda, hakuna mtu atalisema tena kwa hii nyumba."

 Mama mkwe akachukua begi mkononi mwake, akaliweka nyuma ya mlango, akaketi.

"Kinyanjui ameenda wapi?" akauliza.

"Ameenda mutitu, Mama."