Nguvu ni Sawa

Shemeji yake mwalimu aliendesha lori la kokoto. Barabarani walimwita Breki, kwa kuwa hakuwa na habari nazo. Asubuhi moja alichomoka uchochoroni simu ikiwa sikioni, akamkumba mwalimu aliyekuwa akienda shule kwa baiskeli. Lori lilipasuka taa moja. Mwalimu alirushwa mtaroni, goti likasagika.

Alipotoka hospitali akitembelea magongo, mama mkwe aliwaita wote sebuleni kwake, yaishe kindugu. Mwalimu alitaka neno moja tu: samahani.

Breki alijimwaga kwenye kochi. "Shemeji, fizikia nilisoma kwako. Si ulitufundisha vitu viwili vikigongana, kila kimoja kinakisukuma kingine kwa nguvu ileile? Basi nimekugonga, umenigonga. Tumetoka sare!"

Wakaangua kicheko. Hata mama mkwe alijifuta machozi.

"Nguvu ni sawa," mwalimu alisema, akisubiri watulie. "Ila lori lako ni zito, halikuhisi kitu. Mimi ni mwepesi, nguvu ileile ikanirusha kama ganda la ndizi. Na fizikia haisemi nani alikuwa anaongea na simu. Hilo unalijua wewe."

Kicheko kikakatika.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema, "maji yakimwagika hayazoleki. Unataka mwanangu anyang'anywe leseni, wajukuu wangu wale mawe?"

Mwalimu alimgeukia mkewe, aliyekaa karibu na Breki, kaka yake. Asubuhi ya ajali alikuwa amesimama mlangoni akimuaga mumewe, na ndiye aliyepiga kelele za kwanza.

"Sema wewe. Uliona."

Mkewe aliivuta ncha ya mtandio wake, akaikunja, akaikunjua. "Mimi niliona mmegongana," alisema, macho sakafuni.

"Tumegongana?"

Breki akaomba chai.

Mwalimu aliokota magongo, akajiinua kwa taabu. Breki alinyoosha mkono kumsaidia. "Kaa tu," mwalimu alimwambia, akatoka.

Jioni mkewe alirudi nyumbani, akachemsha maji, akapiga magoti kumkanda mguu kama alivyozoea. Mwalimu alitamani kumwambia aondoke. Lakini goti halikukunjika, na yeye mwenyewe asingeweza kulifikia. Akamwachia mguu, akageuzia uso wake ukutani.