Sifuri za Fundi Cherehani

Kwa miaka kumi na moja fundi cherehani aliteswa na kipandauso. Kikimshika, aliziba dirisha la kibanda chake kwa kitambaa cha mteja na kulala sakafuni, chini ya meza ya kukatia. Ndipo akasikia kuwa hospitali inatafuta watu wa kuchomwa sindano nyembamba za tiba ya Kichina, zisizo na dawa, kwa wiki nane na kupigwa picha za ubongo kabla na baada, ili watafiti waone kama kuna kinachobadilika.

Sindano zilimsaidia. Siku nne za maumivu kwa wiki zikawa mbili. Lakini kwenye daftari la kujaza kila jioni, penye swali la ukali wa maumivu, aliandika sifuri. Kila siku sifuri. Daktari mtafiti alikuwa binti mdogo, mpole, na kila alipolifungua daftari lile uso ulimchanua. Fundi hakuthubutu kumvunja moyo mtoto wa watu. Tena alihofu: asiyepona si ataambiwa anamaliza sindano bure?

Siku ya picha ya pili, mpiga picha alimchomoa pini tatu kwenye ukosi wa gauni.

"Mama, hii mashine ni sumaku. Ungeingia nazo, ungetoka umeshonwa."

"Bora nishonwe, mwanangu. Na leo tena itanigongea nyundo humo ndani?"

"Ndiyo sauti yake. Wewe tulia tu."

Alitulia, kichwa kikimgonga kuliko mashine yenyewe.

Baadaye daktari akamkalisha ofisini, daftari mapajani.

"Mama yangu, leo tunaagana. Sindano za awamu ya pili zipo, lakini ni za wale wanaoumwa bado. Wewe umeshapona."

Fundi akalitazama daftari. "Na aliyejaza vibaya je?"

"Huyo tunamtoa, yeye na picha zake. Tutamwaminije tena?" Daktari akacheka kidogo. "Ndiyo maana nawaringia wenzangu daftari lako. Kwani nani kajaza vibaya?"

"Nimeuliza tu."

"Basi niandike ya mwisho. Leo hujaumwa?"

Taa ya dari ilimchoma jicho la kushoto. Kalamu ya binti ilikuwa tayari juu ya karatasi.

"Sijaumwa, mwanangu."

Fundi akaaga, akapapasa ukuta wa ukumbi hadi nje, akaketi kwenye ngazi na kufumba macho, watu wakimpita.