Mwani Mfukoni mwa Mfalme

Mimi ndiye hakimu wa taifa la watu thelathini na mmoja, na mwenye kucheka acheke sasa amalize. Watu wa bara wamecheka miaka tisa, na sisi bado tupo. Taifa letu ni kisiwa kimoja, Inis Draighean. Mfalme wake ni Labhrás, kaka yangu wa tumbo moja, na sheria zake ni zile za kale za Waayalandi, za kabla Mwingereza hajaja kutufundisha kuvaa nywele za bandia mahakamani. Jela hatuna. Polisi hatuna. Tuna aibu, na aibu ikitumika vizuri inatosha.

Taifa lenyewe lilizaliwa mlangoni pa watu. Mwaka ule ofisi ya wilaya ilifuta boti ya majira ya baridi, ikatuambia tufungashe tuhamie bara. Labhrás akaenda akakaa kwenye ngazi za ofisi yao, akafunga kula. Hiyo ndiyo sheria yetu kongwe kuliko zote: mnyonge akidhulumiwa na mkubwa, huenda kukaa mlangoni pake na njaa yake, na mkubwa naye hana ruhusa ya kutia kitu kinywani mpaka dhuluma isikilizwe. Akila, ameshindwa. Kesi imekwisha, heshima imekwisha, na hakuna anayewajibika kumtii tena. Labhrás alikaa siku tatu. Siku ya tatu mkubwa wa ofisi akatoka na mkate wenye soseji, akamruka miguu, huku anatafuna. Tulikuwa watu kumi na wawili pale, tukaona wote. Basi, kwa sheria yetu wilaya ilikufa siku hiyo. Tukarudi nyumbani, tukamkabidhi Labhrás fimbo nyeupe ya ufalme, na mimi nikapewa kiti cha hakimu kwa sababu nina kumbukumbu na sina marafiki wengi.

Sasa Nábla. Sitampaka mafuta: Nábla ni mkorofi. Alikuja hapa kwa ndoa kutoka visiwa vya kaskazini, mumewe akafa, akabaki peke yake katika nyumba ya kule kwenye rasi. Kondoo wake dume amevunja ua wa kila mtu, pamoja na wangu, na ukienda kulalamika anakuuliza ua gani huo unaovunjwa na kondoo. Kusema kweli, angehama, ni wachache ambao wangelia.

Wiki ile Labhrás alirudi kutoka bara na uso wa sherehe. Wilaya, akasema, iko tayari kurudisha boti ya majira ya baridi. Inataka kitu kimoja tu, rasi ya Nábla, ijenge nyumba ya kulala wageni. Ala! Wilaya ile ile ambayo haijatutambua hata siku moja, leo ilimtambua mfalme wetu vizuri kabisa, ilipohitaji saini. Jumatatu wangekuja na karatasi na vigingi vya kupimia, Labhrás atie saini mbele ya mashahidi, na Nábla akapewe chumba mjini. Kisiwani hakuna nyumba yenye hati, kwa hiyo neno la mfalme lingewatosha.

Hakumuuliza Nábla. Sisi wengine pia hakutuuliza, ingawa sheria inasema mfalme ni wa watu, si wa ardhi. Lakini wengi walifurahi, nami sikuwalaumu. Januari iliyopita Féichín, binamu yetu, alimpakia mama yake mwenye homa ya mapafu katika mashua yake ya turubai, akapiga makasia kuelekea bara, na mama akamfia katikati ya mkondo. Mtu kama huyo utamwambia nini kuhusu boti?

Alhamisi asubuhi Nábla akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mfalme. Nyumba yangu inatazamana na ya Labhrás, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Unafanya nini hapo?" Labhrás akamuuliza, kikombe cha chai mkononi.

"Nakushtaki kwa njaa, Mfalme. Weka chini hicho kikombe."

"Nábla, acha mzaha. Nina kazi."

"Mzaha ni kwenda bara kugawa nyumba ya mwenzio. Kikombe!"

Akakiweka. Nilimwona akikitazama kinavyotoa moshi, na moyoni nikasema haya, leo mkuki umefika kwa mwenyewe.

Ijumaa wote wawili walishinda kwa maji matupu. Nábla alikaa kajifunga shali kichwani, mvua ikamnyeshea, hakuondoka. Watu walipita wakimwambia arudi nyumbani asijiue kwa ajili ya mawe na bati. Aliwajibu kila mmoja kwa jina lake na kwa jina la ukoo wake, na baadhi ya hayo majibu siwezi kuyarudia hapa.

Jumamosi mchana Labhrás alitoka kusimama getini na Féichín, wakijadili boti itafungwa wapi ikija. Watu kama kumi walikuwepo wakisikiliza. Inabidi mjue kwamba hapa kwetu kila mtu ana mwani mwekundu mfukoni, ule unaoanikwa juani mpaka uwe kama ngozi. Tunautafuna tukichunga, tukivua, tukifikiri. Mkono unakwenda wenyewe. Basi Labhrás akiwa katikati ya maneno, mkono ukaingia mfukoni, ukatoka, ukaenda kinywani.

"Amekula!" Nábla akapiga ukelele. Siku ya tatu ya njaa, sijui sauti ile aliitoa wapi. "Mmeona nyote! Mfalme amekula!"

Labhrás akaduwaa, shavu limevimba.

"Wacha wee," Féichín akasema. "Mwani nao ni chakula? Tunatafuna mpaka kanisani Ijumaa Kuu!"

"Amemeza?" mtu akauliza.

"Hata kama kameza! Mwani ni kama mate tu."

Wakaanza kubishana pale pale. Mwishowe wote wakageuka kunitazama mimi niliyesimama mlangoni kwangu na ufagio. Nikawaambia nitasikiliza kesho baada ya rozari, na kila mtu aende kwake.

Nusu saa haikupita, Labhrás akaingia jikoni kwangu kwa mlango wa nyuma. Viazi vilikuwa vinachemka. Alivitazama, nikafunika sufuria.

"Dada," akasema, "siku ile kwenye ngazi."

"Naikumbuka."

"Hakuna aliyetuona."

"Najua hakuna aliyetuona."

Siku ile ya tatu kwenye ngazi za wilaya, kaka yangu alikuwa anatetemeka, midomo imepasuka. Niliinama kama namfunga kamba za viatu, nikampenyezea kipande cha mwani kiganjani. Akanirudishia. Akaninong'oneza: "Mwani ni chakula, Báirbre. Nikiutafuna, wao wakila nitawaambia nini?" Saa moja baadaye yule bwana akatoka na soseji yake.

"Basi kaa kimya," Labhrás akasema. "Sikuombi useme uongo. Toa hukumu kwamba mwani si chakula, wote watakushangilia. Boti itarudi. Unataka Féichín azike na mwingine? Na wewe na moyo wako huo, ukianguka Februari nani atakuvusha?"

"Nábla je?"

"Nábla hata humpendi!"

"Simpendi. Hilo halimo katika sheria."

"Báirbre, nilikulea mimi."

Kweli alinilea. Baba alipofariki nilikuwa na miaka sita, na ni Labhrás aliyenitengenezea viatu vya ngozi ya ng'ombe ili niende shule. Nampenda kuliko mtu yeyote aliye hai, na nilitamani afungue ile sufuria ale mpaka ashibe. Nilimwambia atoke. Alipotoka nikakaa nikalia, halafu nikashindwa kula viazi vyenyewe.

Jumapili tulijaa katika shule ya zamani, ile iliyofungwa na wilaya. Nábla aliletwa akishikwa mikono huku na huku, na bado aliwagombeza waliomshika. Nikakaa kwenye kiti changu, nikasikiliza upande huu na upande ule. Féichín alisema vizuri kuliko wote. Alimtaja mama yake, akasema sheria inayoua watu kwa ajili ya kipande cha mwani ni sheria ya wendawazimu. Watu wakapiga meza.

Wazee wetu walisema hakimu akihukumu uongo, mashavu yake huota malengelenge. Mimi si mshirikina, lakini nilijikuta nimejishika shavu. Nikasimama, nikatoka kwenye kiti, nikaenda kusimama pale wanaposimama mashahidi.

"Siwezi kuhukumu hii kesi," nikasema, "kwa sababu mimi ni shahidi." Nikawaeleza yote: kamba za viatu, mwani, na neno alilosema. "Mnamsikia Féichín akituita wendawazimu. Sawa. Lakini taifa hili limesimama juu ya mkate mmoja wenye soseji. Wilaya ilikula mbele ya mwenye njaa, tukasema basi, hatuitii tena. Kama mfalme wetu anaweza kula mbele ya mwenye njaa na akabaki mfalme, basi na wilaya haikukosa kitu, na sisi ni vichaa thelathini na mmoja juu ya mwamba, tuna bendera. Sheria ni msumeno, jamani. Nimemaliza."

"Hiyo ni kauli yako tu," mtu akasema kutoka nyuma. "Nani mwingine alisikia?"

"Yeye," nikasema.

Wote wakamgeukia Labhrás. Angesema hakusema hivyo, ingekuwa imekwisha. Neno langu na lake, na wote walitaka kuamini lake. Alikaa ameinamisha kichwa, mkono mfukoni. Halafu akautoa mkono na mwani wote aliokuwa nao, akauweka chini mbele ya miguu ya Nábla, na juu yake akalaza ile fimbo nyeupe.

"Nilisema," akasema. "Mwani ni chakula. Kanywe supu, Nábla, umeshinda."

"Supu ya nani?" Nábla akasema. "Ya kwako ina chumvi."

Hakuna aliyepiga meza. Féichín alitoka nje akibamiza mlango, na sikumfuata.

Jumatatu saa nne boti ya wilaya ikatia nanga. Wakashuka wanaume wawili na vigingi vyao, na bwana mmoja mwenye koti zuri na mkoba.

"Mfalme wenu yuko wapi?" akauliza, akicheka kidogo kwa lile neno.

"Hatuna," nikamwambia. "Alikaa na njaa tangu Alhamisi, ikamshinda, akauvua ufalme."

"Basi nani atatia saini?"

Labhrás alikuwa amekaa katikati ya gati, chini, kwenye mawe yenye maji. Alikunywa supu bakuli moja Jumapili, na asubuhi ile akaanza kufunga upya, sasa kuishtaki wilaya. Nábla alikuwa amekaa kando yake, shali kichwani. Mmoja mmoja tukaketi nasi, mpaka hapakuwa na pa kukanyaga. Wa mwisho alikuja Féichín. Alisimama muda mrefu akiitazama ile boti. Kisha akakaa, mbali kabisa na Nábla, akampa mgongo, lakini alikaa.

Bwana wa mkoba akasema atasubiri, muda anao. Akarudi kukaa ukingoni mwa boti yake. Saa sita ikafika. Akafungua mkoba, akatoa mkate uliofungwa kwenye karatasi, akaukunjua.

Nábla akampiga Labhrás kiwiko. "Anakula yule."

"Nimemwona," Labhrás akasema, na mifuko yote miwili ya koti lake ilikuwa imegeuzwa nje. "Báirbre, andika."