Mkono Begani

Asubuhi wakili wa kutoka nje alipofika, washonaji walikuwa wanaunga kola za sare za shule, na cherehani ya dirishani ilikuwa imekwama uzi kama kawaida yake. Tajiri alimpa wakili chumba cha mhasibu, akamwekea jagi la maji na feni. Alisema ameajiri mtu wa nje ili asije akaambiwa anambeba msimamizi, ambaye ni shemeji yake.

Jambo lenyewe lilikuwa wazi. Msimamizi alikuwa na tabia ya kupita nyuma ya washonaji na kuwashika mabega, na kwa baadhi yao mkono haukuondoka. Yeye aliendelea na safari yake akiwa na mikono yake yote miwili. Mwingine ulibaki begani, umeishia kwenye kifundo cha mkono, una joto, na pete yake kidoleni.

Mshonaji wa kola alikuwa na wake tangu mvua za mwanzo. Alikuwa ameuzoea kama mtu anavyozoea jino bovu. Vidole vya mkono huo vilipenda kuchezea hereni yake, kwa hiyo mama yake aliufumia soksi ya sufu. Kwa ajili yake mwenyewe asingelalamika. Lakini mdogo wake alikuwa amemaliza mafunzo ya ushonaji na angeanza kazi hapo hapo karakanani mwezi ukiandama, maana kila mlango mwingine aliobisha haukufunguliwa. Mshonaji alitaka msimamizi atoke kabla mdogo wake hajaingia.

"Mkono mmoja haulei mwana," mpiga pasi alimtania wakisubiri kuitwa. "Wewe na mitatu yako utalea mapacha."

"Na wewe, dada, mbona huingii kusema?"

"Wangu haukukaa begani. Siwezi kumfunulia mtu mwenye tai."

Wakili alikuwa na adabu. Aliomba ruhusa kabla ya kuuvua mkono soksi. Aliona kovu la sindano kwenye kidole gumba na pete ya jiwe jekundu. Kisha alimwita msimamizi, akaona kovu lile lile na pete ile ile.

Msimamizi aliilaza mikono yake mezani. "Hesabu, wakili. Miwili, kama mama alivyonizaa. Hiyo mingine, waulizwe wenye nayo wameiokota wapi."

"Inafanana na yako."

"Nani hana vidole vitano?"

Wakili aliandika.

Mshonaji alimkuta mlangoni akifunga mkoba. "Wakili, mdogo wangu anaanza kazi hapa. Nimwambie nini?"

"Mwambie ripoti inakuja, dada yangu."

Ripoti ilikuja. Tajiri aliisoma mbele ya wote, cherehani zikiwa zimezimwa. Ilikubali kwamba mikono ipo na kwamba ina joto. Ilisema kwa kuwa msimamizi hajapungukiwa mkono, haikuthibitika kwamba kuna aliouacha popote. Iliwashukuru wafanyakazi kwa uwazi wao. Ilipendekeza mavazi ya kazini yashonwe upya, bega moja liwe pana, ili mikono isibanwe. Msimamizi alipiga makofi. Mikono ya begani, kwa kuwa haikuwa na wenzi wa kupiga nao makofi, ilipigapiga mabega.

Kukata mavazi hayo alipewa mshonaji wa kola, kwa sababu hakuna aliyemfikia kwa mkasi. Mdogo wake alikuja karakana kupimwa, amesuka nywele upya kwa ajili ya kazi.

"Dada, bega hili mbona kama la gunia? Mimi ni mwembamba."

"Simama wima."

"Nimesimama. Na hili la pili mbona la kawaida?"

"Hilo litakutosha."

Mshonaji alipima kifua, akapima kiuno, kisha akaiweka futi chini. Kwa bega hakuihitaji. Aliuvua mkono soksi, akatupia kitambaa cha vazi la mdogo wake begani mwake mwenyewe, juu ya mkono, akauzungushia chaki kidole kwa kidole, akaacha nafasi ya mshono. Mkono, ambao siku zote hautulii, ulitulia kama mtu anayepimwa suti.