Togwa ya Juzi

Akina mama wenzangu wenye vijana wanaonyanyua vyuma, togwa ni nzuri, ila ionjeni kwanza kabla ya kuwapa.

Mwanangu Modesti alikuwa anajiandaa kwa mashindano ya mkoa pale Sumbawanga mjini. Chuma chake kilikuwa bomba lenye makopo ya saruji huku na huku. Jioni, tukisharudi kutoka shamba la kijiji, alikinyanyua mpaka mikono ikawa inatetemeka. Nami nampa togwa ya ulezi, analala, asubuhi anaamka na nguvu zake.

Wiki moja bega likaanza kumuuma. Nikamwambia apumzike. Kesho yake nikamkuta uani anapiga mluzi, anakaza mkanda kiunoni.

"Bega limepona, mama. Togwa yako ni dawa."

Nikanusa kibuyu alichokunywea. Ilikuwa togwa ya juzi, imeshachacha, imekuwa pombe kabisa. Bega halikupona, lilikuwa limelewa.

Nikaenda nikakaa juu ya bomba.

"Mama nawe, ondoka basi."

"Si umepona? Ninyanyue na mimi."

"Wewe mzito kuliko makopo yote."

"Ndiyo mashindano hayo, baba."

Akacheka, akanishika mkono anivute. Palepale akaniachia, akajishika bega, uso umekunjamana. Akakaa karibu yangu.

"Mashindano yatanipita, mama."

"Yapite," nikamwambia. "Mimi hapa siondoki mpaka bega lipone."